Riwaya iliyokwama sura ya nne, na watoto bado wadogo

SWALI: Nina watoto wawili, wa kwanza ana miaka 6 na wa pili miezi 10, na mchana nipo kazini. Mwaka wa tatu huu naandika riwaya. Nimefika sura ya nne, lakini kila nikipata nafasi ya kuirudia najikuta narekebisha sura ya kwanza. Mume wangu anasema hata nikiwa nyumbani, sipo. Kusoma nako kumenitoka, na zamani nilikuwa namaliza kitabu kwa siku mbili. Halafu hadithi yenyewe imetokana na ugomvi wa mama na mama yangu mdogo, ambao walikaa miaka bila kusemeshana. Niiache mpaka watoto wakue?

JIBU: Usiiache, dada yangu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja, na naona yanashikana kwenye neno moja ulilolitumia mwenyewe: kuirudia. Uchache wa saa unaumiza, lakini kinachoua riwaya ya mzazi ni urefu wa njia ya kurudi. Mtu aliyekaa siku 12 bila kuugusa mswada huhitaji nusu saa ya kukumbuka nani yuko wapi, nani anajua nini, na sauti ya msimulizi ilikuwaje. Kama amepata dakika 40 tu, anabakiwa na 10. Anarudi mwanzo kwa sababu sura ya kwanza ndiyo anayoikumbuka vizuri, na akishaifungua mkono hauwezi kusoma bila kusahihisha. Kwa hiyo sura ya kwanza inang'arishwa mara ya tisa na ya tano haizaliwi.

Basi kazi ya kwanza ni kuifupisha njia hiyo mpaka ibaki dakika tatu.

Tafuta daftari dogo, tofauti na mswada. Kila unapomaliza kuandika, hata kama mtoto ameshaanza kulia, andika humo mistari mitatu. Wa kwanza: tukio limesimama wapi na nani yuko chumbani. Wa pili: jambo linalofuata, kwa kitenzi, kwa mfano "Zuhura anaikuta barua chini ya godoro." Wa tatu: kitu chochote cha nyuma unachotaka kukirekebisha, ambacho hutakirekebisha sasa. Huo wa tatu ndio utakaokuponya ugonjwa wa sura ya kwanza, maana kinachokurudisha kule ni hofu ya kusahau kosa uliloliona. Likishaandikwa, hofu inatulia. Ukiwa sura ya saba ukaamua kwamba kaka mtu alishafariki kabla hadithi haijaanza, andika pembeni "kuanzia hapa kaka ni marehemu" na uendelee kana kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Rasimu ya pili ipo kwa ajili hiyo.

Na usisimame pale tukio linapoisha. Simama katikati, unapojua kabisa sentensi inayofuata. Ukifunga tukio vizuri ukainuka, kesho unakuta ukurasa mweupe na uamuzi mkubwa. Ukiacha mtu ameshika kitasa cha mlango, kesho unamfungulia tu. Ukiketi tena, soma ukurasa wa mwisho peke yake na mistari yako mitatu. Kama unatumia kompyuta, fungua faili jipya kwa kila tukio, ili hata ukitaka kupanda juu usikute kitu cha kupandia.

Sasa hesabu, maana bila hesabu mtu hukata tamaa kwa ukubwa wa kitu asichokipima. Riwaya ya Kiswahili ya maneno 50,000 ni kitabu kamili, karibu kurasa 200 zikishachapwa. Usitishwe na idadi unazosikia kwa waandishi wa lugha nyingine: neno letu moja kama "hawajatuambia" hubeba kazi ambayo kwingine inahitaji maneno manne au matano. Ukiandika maneno 250 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata 1,250. Wiki 40 zinaimaliza rasimu. Maneno 250 ni kama ukurasa mmoja wa daftari kwa mwandiko wa kawaida, na kwa mtu anayejua anakoendelea ni kazi ya dakika 20 hadi 25. Ongeza tatu za kusoma na mbili za kuandika mistari mitatu, nusu saa imetosha.

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeandika riwaya 47 na kwa miaka mingi alifanya hivyo akiwa mtumishi wa Posta, aliketi mezani saa 11:30 alfajiri akiwa na saa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Watu hupenda kuitaja kasi hiyo na kusahau mambo mawili. Nusu saa yake ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika jana. Naye pia alikuwa anailipia njia ya kurudi. Tena alikuwa na mtumishi wa kumwamsha na kumletea kahawa. Wewe chukua ile hesabu na ule utaratibu wa kusoma nyuma kidogo, kasi mwachie.

Alfajiri au usiku? Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, aliandika kabla ya mapambazuko alipokuwa mhariri wa kuajiriwa na analea wavulana wawili peke yake. Lakini mtoto wa miezi 10 anaweza kuamka saa 10 alfajiri na kuimaliza hoja yote. Jaribu wiki mbili alfajiri, kisha wiki mbili usiku, na kila siku andika idadi ya maneno. Amua kwa namba hizo, usiamue kwa jinsi ulivyojisikia. Wengi hugundua kwamba usiku, baada ya kazi na watoto, akili haina tena nguvu ya kuamua, na tukio jipya ni maamuzi matupu: nani aseme, nini kifichwe, wapi pa kukata. Usiku unafaa zaidi kunakili, kusahihisha tahajia na kusoma. Ikiwa usiku ndio pekee ulio nao, fanya maamuzi mchana: ukiwa njiani au unaosha vyombo, jijibu swali moja tu, "Leo nani anataka nini kwa nani?" Ukifika mezani unaandika jibu.

Kuna siku zitakazopotea nzima, homa ya mtoto au wewe mwenyewe kuchoka. Siku hiyo andika sentensi moja kwenye daftari, kwa kalamu, umesimama. Haiongezi riwaya, ila inauzuia uzi usikatike. Na usilipe deni. Anayekosa 250 leo na kujitoza 500 kesho hushindwa 500, anajitoza 750, na wiki ya pili anaacha kabisa. Jumanne iliyopotea imepotea. Jumatano ni 250 kama kawaida.

Jambo moja la umbo, maana wengi hulikosa. Alice Munro wa Kanada, aliyepata Nobel mwaka 2013, alieleza kwamba alianza na hadithi fupi kwa sehemu kwa sababu ya watoto wadogo. Hakuwa na vipande virefu vya muda. Riwaya nayo inaweza kukatwa kwa kipimo cha maisha ya mwandishi wake. Jenga yako kwa matukio mafupi, ya maneno 800 mpaka 1,200, kila moja likiwa mahali pamoja na saa moja. Tukio la maneno 1,000 unalimaliza kwa vikao vinne, bado likiwa kichwani. Sura ya maneno 6,000 isiyo na mahali pa kupumua itakuchukua zaidi ya wiki nne, na sentensi zake za mwanzo zitakuwa zimeandikwa na mtu mwingine.

Nije kwa mumeo. Nadhani yuko sahihi, na wala halaumu uandishi wako. Kikao kikikatwa ghafla, kichwa kinaendelea kuandika chenyewe: unamvisha mtoto nguo huku unamtafutia Zuhura jibu la barua. Ile mistari mitatu inasaidia hapa pia, kwa kuwa akili hukiachilia kilichoshawekwa mahali salama. Lakini kinachohitajika zaidi ni makubaliano yenye saa. "Naomba muda wa kuandika" ni ombi lisilo na mwisho, na mtu aliyeachiwa watoto wawili hawezi kulishika. Mwambie: Jumatatu hadi Ijumaa, nusu saa, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Yeye naye apate muda uleule, kwa jambo lake, bila kuulizwa anautumia vipi. Kubalianeni mapema ni mambo gani yanaruhusu kubisha mlango: homa, damu, moto, kitu kilichomkwama mtoto kooni. Soksi iliyopotea haimo. Kisha, na hapa ndipo waandishi wengi huharibu, simama dakika ile uliyoahidi hata kama sentensi inakuja vizuri. Ukichelewa mara tatu, nusu saa yako haina tena thamani kwake, na atakuwa na haki ya kuikatiza. Ukikata katikati ya sentensi kwa kuwa muda umeisha, umetimiza ahadi na umeandaa kesho kwa tendo moja.

Mtoto wa miaka 6 haelewi "dakika 30," ila anaelewa kitu anachokiona. Weka kitambaa mgongoni mwa kiti: kikiwepo, mama anaandika, kikitoka, mama ni wake. Wiki ya kwanza atajaribu mara nyingi, na kila mara mwoneshe kitambaa bila maneno mengi. Mpe daftari lake, akae nawe mezani akitaka, achore. Huyu wa miezi 10 hana makubaliano. Muda wake ni usingizi wake au mikono ya mtu mwingine. Na usingoje asinzie ndipo utafute kalamu. Daftari likae wazi pale pale, kalamu ndani yake.

Usimpe mumeo rasimu mbichi aisome usiku ule ule. Akisifu, utaulinda ukurasa ambao pengine unapaswa kufutwa. Akisita, utanuna, na kesho asubuhi hutaandika. Mpe rasimu nzima ikishakamilika, pamoja na maswali matatu: wapi ulichoka, wapi ulipotea, nani humwamini? Aandike majibu pembeni kwa penseli, na wewe usijitetee hata kwa neno moja. Ukurasa unaohitaji maelezo ya mdomo haujaandikwa bado.

Kusoma. Kitabu kwa siku mbili kilikuwa chakula cha mtu asiye na mtoto mchanga, na hakuna haja ya kukililia. Riwaya yako inahitaji usomaji wa aina mbili, na hakuna kati yao unaopimwa kwa wingi. Wa kwanza ni wa sikio. Robo saa ya kumsomea mtoto kwa sauti kila usiku ni usomaji halisi, na ni mafunzo makali kuliko inavyodhaniwa: anapogeuka, anapouliza "halafu?", anapokukatiza kwenye maelezo ya mandhari, unaona kwa macho yako mahali simulizi inaposhika na inapoachia. Utasikia pia sentensi zinazokuishia pumzi kabla hazijaisha. Zako nazo zisome hivyo hivyo. Mahali ulimi unapojikwaa mara mbili, sentensi ndiyo yenye kosa.

Wa pili ni usomaji wa fundi. Chukua riwaya moja uliyokwisha kuisoma na kuipenda, ya aina ile unayoiandika, kwa kuwa mara ya kwanza mtu husomea kujua kitakachotokea na haoni mishono. Chagua sura moja. Piga mstari kwa penseli kila mahali au wakati unapobadilika, uhesabu matukio. Kwa kila tukio andika pembeni: nani anataka nini, nani anazuia, na mwishoni nani amejua nini ambacho mwanzoni hakukijua. Ukikuta tukio lisilo na jibu la hilo la tatu, angalia limebebwa na nini badala yake, au kama wewe mwenyewe ulipokuwa msomaji wa kawaida uliliruka. Kisha nakili ukurasa mmoja kwa mkono, neno kwa neno. Itachukua kama dakika 20. Mkono unaona vitu ambavyo jicho hupita juu yake, kama urefu wa aya na mahali jina linaporudiwa. Sura moja kwa mwezi inatosha. Na katika wiki unazoandika sana, acha kusoma mwandishi mwenye sauti nzito inayofanana na unayoitafuta, maana itaingia kwenye sentensi zako bila kubisha hodi. Soma mashairi, historia au barua.

Kuna jambo moja nakusihi ulitazame kwenye vitabu vya wengine, kwa sababu hadithi yako ni ya dada wawili na lugha yetu itakutega hapo. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakisemi ni nani. Chukua hii: "Alimtazama akamwambia aondoke. Alipokataa alimshika mkono, akalia." Nani kalia? Mwandishi anajua, msomaji hajui, na itambidi arudi nyuma. Ukiandika tukio la watu wawili wa ugomvi mmoja, kosa hili litakuwa kwenye kila ukurasa. Dawa ni majina machache mahali pake, uhusiano wa kindugu badala ya jina, na kuwaacha waseme wenyewe: "Zuhura alimtazama mdogo wake. 'Ondoka.' Mwanaisha hakusogea. Zuhura akamshika mkono, na hapo ndipo mdogo mtu alipoangua kilio." Majina matatu na "mdogo" mbili, hakuna anayepotea. Angalia pia "-ka-". Inaendesha hadithi mbele vizuri, lakini akaingia, akaketi, akatazama, akasema, akainuka, zote zina uzito mmoja, kana kwamba kuketi na kusema yale ya kuvunja undugu ni kitu kimoja. Kitendo kikubwa kitoe kwenye mnyororo, kipe sentensi yake.

La mwisho ni gumu kuliko yote, nalo ni la mama na mama mdogo. Rasimu ya kwanza iandike ilivyokuwa, hata kwa majina yao, na usimwoneshe mtu. Ukianza kuficha mapema utaficha hata kile kilichokufanya uandike. Kuanzia rasimu ya pili badilisha vitu vitatu: sababu ya ugomvi, kazi na mahali pao, na mpangilio wa kuzaliwa. Bakiza kimoja, jeraha lenyewe, ile hali ya watu wawili wanaopitana mlangoni bila salamu. Kubadilisha majina peke yake hakumfichi mtu. Na ile sentensi ya mwanzoni mwa kitabu kwamba wahusika wote ni wa kubuni si kinga ya uhakika, wala kwa jamaa wala mbele ya sheria, ikiwa wanaomfahamu mtu wanaweza kumtambua.

Jiulize kwa kila jambo: hili nililishuhudia, au niliaminiwa nalo? Uliloshuhudia ni lako kwa kiasi. Ugonjwa, mimba, madeni na baba halisi wa mtoto fulani ni mali ya mwenyewe. Viache, tunga vingine. Kubuni kunainufaisha hadithi pia, kwa kuwa kwa sasa wewe ni mtoto wa upande mmoja. Bila kukusudia utampa mama maneno mazuri na kumwachia mama mdogo makosa, na msomaji ataliona hilo mapema kuliko wewe. Andika tukio moja zima kutoka kichwani mwa mama mdogo, siku ambayo yeye ndiye mwenye haki na mama ndiye aliyekosa. Likikushinda, hujaijua hadithi yako bado. Likikujia, huenda ndilo sura ya tano. Nao wote wawili, kama wapo, waambie kwa mdomo wako baada ya rasimu ya pili na kabla mswada haujatoka mikononi mwako, wakati bado unaweza kufuta.

Kwa wiki hii, funga sura zako nne, usizifungue. Bila kuzitazama, andika ukurasa mmoja wa yale yaliyotokea mpaka sasa. Utakayoyakumbuka ndiyo yaliyo hai. Uliyoyasahau yaandikie mstari kwenye daftari siku utakapoyakuta, baada ya miezi. Jumatatu anza na mama mdogo amesimama nje ya mlango wa dada yake, mwaka wowote utakaouchagua. Mwandikie alichokibeba mkononi, alichojiambia njiani, na jinsi anavyosikia nyayo zikija kwa ndani. Mlango usifunguliwe mpaka Jumanne.